Tiketi ya Kurudi

Dada mpenzi,

Nilifika salama. Mapazia nimeyafua, na shemeji yako anakusalimu.

Unamkumbuka yule binti wa kaunta uwanjani, aliyekataa nipande ndege kwa tiketi ya kwenda tu? Nilimcheka: "Naenda kwa mume wangu, nirudi wapi tena?" Ukaninunulia ya kurudi palepale ili aniachie, tukakubaliana nikifika niifute.

Shemeji yako huniuliza kila jioni kama nimeifuta. Namwambia ndiyo. Mkono unaendelea kupona. Mama mwambie niliteleza.

Dada, sijaifuta. Pasipoti yangu ameificha, ila nimeshajua wapi. Akikupigia, mwambie ilishafutwa. Halafu siku ya tiketi ikifika, njoo uwanjani unisubiri.

Ni mimi,
mdogo wako