Dada Yangu Hakuninyima Chakula

Jumamosi, Julai. Ukungu ulilala juu ya mikaratusi tangu alfajiri na haukuinuka mpaka saa nne. Baridi ya kuvaa makoti mawili. Moyoni nina aibu, na pembeni ya aibu kuna jambo jingine ambalo nitajaribu kuliandika kwa usahihi, maana limenichukua miezi minane kuliona.

Kila Jumamosi napanda mzani kabla ya chai. Leo umesoma kilo tisini na nane. Wiki sita zilizopita ulisoma tisini na nne.

Nimeongezeka.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: nina miaka sitini na nane. Nilizaliwa katika kijiji hiki, juu ya Lushoto, nikaondoka nikiwa na miaka ishirini na moja. Nimeishi Lusaka miaka arobaini na sita, mingi kati yake nikisahihisha maandishi ya watu wengine katika kiwanda cha uchapaji, nimekaa kitini, na mkebe wa biskuti karibu na mkono wa kushoto. Mwaka jana nilikuwa na kilo mia moja thelathini na moja, sukari, na magoti yaliyokataa ngazi. Madaktari wakanipasua, wakaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Kilichobaki kina ukubwa wa ndizi moja. Kisha nikarudi nyumbani kwa dada yangu Zaina, mjane, mdogo wangu kwa miaka sita, ambaye tangu mumewe afariki analima kabichi na karoti peke yake kwenye mteremko ambao mimi naogopa hata kuutazama.

Masharti ya daktari yalikuwa machache. Tembea kila siku. Kula kidogo, taratibu, maharage na mayai na nyama kabla ya ugali. Usinywe maji ukiwa unakula. Ukishiba, acha, hata kama ni tonge la tano. Akaongeza jambo ambalo sijalisahau: mfuko huu unaweza kutanuka tena, na ukitanuka hatutakukata mara ya pili.

Basi natembea. Kila siku, mvua au ukungu. Na ndiyo maana mzani wa leo ulinichanganya: anayetembea kila asubuhi kutoka nyumbani hadi kwenye kijito na kupanda tena mpaka kilimani anaongezekaje kilo nne?

Niandike ukweli. Nimekuwa nakula njiani.

Jambo lenyewe lilianza kwa kosa langu. Siku zangu za kwanza nilitembea kama nilivyoelekezwa hospitalini, mikono mitupu, haraka haraka, naenda na kurudi. Hapa hakuna mtu anayetembea hivyo. Anayepita haraka asubuhi bila mzigo amebeba habari ya msiba. Siku ya tatu wanawake wawili walimfuata Zaina shambani kumuuliza nani kafa. Dada akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akanipa kikapu. "Kaka, shika hiki," akasema. "Watu wakikuona na kikapu watajua una safari, watakuacha upite."

Hawakuniacha. Mtu mwenye kikapu anasalimiwa. Na mimi, niliyeondoka kijana, sikuwa tayari kupita mlango wa mtu bila kusimama. Kishambaa changu ni cha mwaka nilioondoka. Nikisema "onga maundo", salamu ya asubuhi, kwa namna ya bibi yangu, watu hushika mbavu kwa kicheko, wananiita ndani nirudie. Miezi ya kwanza nilikataa chakula; wiki hizi sita nikiingia kuna kipande cha gimbi la moto, nami napokea. Kwa jirani, chai ya maziwa yenye sukari. Mbele kidogo, ndizi ya kuchemsha. Nilijiambia kipande kimoja hakina neno. Nyumba ni saba.

Nilidhani ni ukarimu tu. Niliandika hapa mwezi uliopita, kwa majivuno, kwamba kijiji kimenifungulia milango. Sasa nikiusoma ule ukurasa natamani kuuchana, lakini kwenye blogu hakuna cha kuchana.

Leo asubuhi nilipofika kwa Bi Mwanaidi, mama wa zaidi ya miaka themanini aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yetu, nilikuwa nimeazimia. Nilisimama nje ya uzio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, kuna makande."

"Leo sitaingia, mama. Nimeshiba."

Akatoka mwenyewe, polepole, ameshika bakuli lililofunikwa. Akatazama njia juu na chini, kisha akanisogelea kama anayetaka kuninong'oneza jina la mchawi.

"Kula hapa hapa, nikuone. Na usimwambie dada yako."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Wewe kula tu. Ulikuja hapa mwanamume mzima, umejaa. Tazama sasa, suruali unaifunga kwa kamba. Sisi tuna macho. Mtoto wa rafiki yangu anadhoofika kwenye nyumba ya dada wa tumbo moja, na shamba limejaa kabichi! Tumekubaliana akina mama, kila atakayekuona akutie kitu tumboni."

Nilishika uzio.

Walikuwa wamekubaliana. Nyumba saba. Na jina analolibeba dada yangu kijijini, kumbe ni la mwanamke anayemnyima kaka yake chakula. Hapa hakuna jina baya kuliko hilo. Mwizi husamehewa, mwanamke anayempimia ndugu chakula hata kwenye msiba wake watu watakumbushana.

Na kwa macho yao, anapima kweli. Wamemwona. Zaina ana kibakuli kidogo cha chai, cha bluu, ndimo anamonipakulia. Maharage kwanza. Yai. Mwisho ugali kiasi cha vidole viwili. Mgeni yeyote aliyewahi kuchungulia jikoni kwetu ameona sahani ya mwenye nyumba imejaa na kibakuli cha kaka kina chakula cha kuku mmoja.

Angeweza kujitetea kwa sentensi moja: kaka yangu kapasuliwa tumbo. Hakuisema, kwa sababu mimi nilimwomba. Usiku niliofika nilimwambia nina aibu. Kwamba nilijilisha mwenyewe mpaka ikabidi nikatwe, kwamba sitaki kuwa hadithi ya kijiji. Alijibu "sawa" na hakulirudia tena. Miezi minane. Anatukanwa kisimani, sokoni Lushoto siku za Alhamisi na Jumapili wauza karoti wenzake wanamtupia vijembe, anarudi na kamba ya mzigo imemchora paji la uso, ananiuliza: leo umetembea?

Nilirudi nyumbani bila kula makande. Njiani sikusimama kwa mtu.

Leo ilikuwa zamu ya shamba la Zaina. Majirani husaidiana kuchimba matuta ya kuzuia udongo, shamba moja baada ya jingine, na mwenye shamba hupika. Wanaume kumi na wawili walikuwa wamelima tangu saa kumi na mbili. Mimi nilikusanya mawe madogo, kazi ya wazee. Saa saba wanawake waliteremsha masinia: ugali, maharage, na kuku wawili kwa wote. Bi Mwanaidi alikuwa miongoni mwao, ameongozwa kwa mkono na mkwewe.

Niliketi na wanaume watano. Nilikuwa mkubwa kuliko wote pale, na anayesoma kutoka mbali ajue maana yake: mkubwa ndiye anayeanza, na mkubwa akitoa mkono kwenye sinia, wadogo nao wanatoa. Hakuna anayeendelea kula mbele ya mzee aliyenawa. Miezi yote hii nimeikwepa mikusanyiko kwa ajili ya hilo, nikisingizia mafua.

Nikala tonge la kwanza, nikalitafuna taratibu kama daktari alivyoagiza. La pili. La tatu. Kwenye la nne kifua kilianza kubana, dalili ninayoijua: la tano lingeshuka, la sita lingerudi. Pembeni yangu shemeji Athumani, mdogo wa marehemu mume wa Zaina, alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi na alikula kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Nilikuwa na njia mbili. Niendelee kujifanya nakula, kama nilivyofanya nyumba saba kwa wiki sita. Au nitoe mkono.

Nikatoa mkono.

Mikono mitano ikatoka pamoja na wangu. Ugali ulikuwa mlima, mvuke bado unapanda. Hakuna aliyelalamika, Athumani alitazama tu lile paja la kuku kama anayeaga ndugu kituo cha basi.

"Shemeji," akasema kwa upole, "kuna kosa gani kwenye chakula?"

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Nilisema chakula hakina kosa. Nilisema nimepasuliwa, tumbo langu lilikatwa mwaka jana kwa sababu ya unene na sukari, na kilichobaki kinajaa kwa matonge manne. Nilisema kibakuli kile cha bluu ni agizo la daktari, na dada yangu amekishika kwa uaminifu kuliko mimi. Nilisema ni mimi niliyemfunga mdomo, na kila neno alilotukanwa lilikuwa langu. Mwisho nikawaomba wale, tafadhali, wasinihesabu kuwa mkubwa wa sinia hili.

Kule kwenye masufuria wanawake waligeuka kunitazama.

Kisha Athumani akalipiga goti lake kofi. "Yaani mgosi! Sisi tunalima mawe haya tupate cha kujaza tumbo, wewe unapanda ndege kwenda kulikata?"

"Walilotoa walilipeleka wapi?" mwingine akauliza. "Wangempa Athumani aongezee lake."

Sinia lote likacheka, nami nikacheka, na maumivu ya kifua yakashuka. Mikono ikarudi kwenye ugali bila kunisubiri. Paja la kuku lilikwenda kwa Athumani.

Bi Mwanaidi hakucheka. Alinyanyuka, akamshika mkwewe bega, akavuka lile tuta jipya lenye udongo laini ambalo hata mimi ningelizunguka. Akasimama mbele ya Zaina. Mwanamke wa umri wake hana desturi ya kumwomba radhi mtu mdogo wake kwa miaka ishirini, lakini aliomba, na aliomba kwa sauti, ili wote waliomsengenya Zaina pamoja naye wasikie.

"Zaina, mwanangu, nimekusema. Nimekusema kisimani na nimekusema kwa watu. Nisamehe."

Dada yangu alikuwa ameshika mwiko. Akauweka juu ya sufuria.

"Yameisha, mama," akasema. "Kaa ule, chakula kinapoa."

Hayo tu. Sijui kama niliwahi kusoma popote, katika vitabu vyote nilivyosahihisha, sentensi ndogo iliyobeba uzito wa namna ile. Watu wenye elimu yangu tungedai maelezo. Tungekumbusha tarehe.

Bi Mwanaidi alipokuwa anaondoka alinipitia. "Na wewe," akanyoosha kidole, "kesho ukipita kwangu, usithubutu kusimama. Nitakusalimia nikiwa ndani. Ukisimama nakutoa na fimbo." Kisha akageuka: "Maji je, unaruhusiwa?" Nikamwambia maji ndiyo, ila si pamoja na chakula. Akaitikia kwa kichwa, kama muuguzi anayepokea zamu.

Baada ya magharibi tuliketi jikoni, kwenye joto la makaa. Nilimuuliza Zaina kwa nini hakuniambia. Alikuwa anachambua mbegu za karoti kwenye ungo na hakuinua macho.

"Ulikuwa unatembea, kaka. Ningekwambia ungejifungia ndani."

Ni kweli. Ananijua, ingawa tumeishi mbali kwa karibu nusu karne. Ningejifungia ndani na kitabu, na mkebe wa biskuti ungenifuata kutoka Lusaka.

Nikamuuliza kama iliuma.

"Iliuma." Akapeperusha ungo, makapi yakaruka kuelekea makaa. "Hasa sokoni. Wa kijijini nawazoea."

Kisha akasema kesho ni siku ya soko, ana matenga mawili ya kabichi yatakayochukuliwa na gari, lakini karoti atazishusha mwenyewe kichwani kwa njia ya mkato. Ni mwendo wa saa moja na nusu kuteremka, na kurudi ni kupanda mtupu. Ana miaka sitini na miwili. Sijawahi kumsikia akiita jambo hilo mazoezi.

Nimemwambia nitakwenda naye. Nitasimama kwenye meza yake ya karoti, mbele ya wale wauzaji wenzake, na suruali yangu iliyofungwa kwa kamba, na atakayeuliza kwa nini nimekonda nitamjibu mimi mwenyewe. Zaina alinitazama miguu, si uso. Akasema nikibaki nyuma hawezi kunisubiri, karoti hunyauka.

Kilo tisini na nane, basi. Imeandikwa. Kwa miezi minane nimejaza ukurasa huu nikiisifu nidhamu yangu: hatua nilizopiga, sahani nilizokataa. Nikizima taa ninalo swali moja, na nadhani jibu lake nalijua. Nidhamu ile ilikuwa ya nani?

Tunaondoka saa kumi na mbili kasorobo. Viatu nimeviweka mlangoni.