Lenzi Aliyoniletea Baba Kabula

Somanda, Bariadi
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Na Mama naye shikamoo, maana najua amekaa hapo pembeni yako anasubiri umsomee. Sisi huku ni wazima. Kabula alipata surua mwezi uliopita, tukalazwa naye siku chache, lakini sasa amepona na hamu ya kula imemrudia. Akiona bibi yake anachemsha matobolwa, yale ya viazi vikavu niliyowahi kukutumia, habanduki jikoni. Mguu wako unaendeleaje? Umeniandikia kwamba sasa unapanda ngazi za kanisa bila fimbo. Nimefurahi, ila fimbo usiigawe bado. Ukungu wa huko Korogwe asubuhi hufanya ngazi ziteleze, na mwenye haraka nyumbani kwetu najua ni wewe.

Katika barua yako uliniuliza kuhusu mvua, bei ya pamba, na afya ya mama mkwe, ndipo mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, ukauliza kama huku ukweni bado naachwa nishike kamera. Nilicheka niliposoma. Swali ni hilo tu, Baba, mengine yote ulikuwa unalizungushia ua. Nitakujibu, lakini itabidi nianzie mbali kidogo.

Kazi ipo. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, wakati wa mauzo mji huu hauna nafasi ya kupita. Watu wanatoka vijijini na baiskeli mpya, wengine na redio bado iko kwenye boksi, na wote wanataka kupigwa picha pamoja na kitu walichonunua. Filamu za rangi zinapatikana dukani kama chumvi, siyo kama enzi zile ulipokuwa ukificha mkanda mmoja kabatini kwa ajili ya Pasaka. Nikishapiga, mkweo Masunga anaipeleka mikanda Mwanza kusafishwa, kwa sababu ndiyo njia yake. Siku hizi anaendesha lori la mnunuzi mmoja wa pamba.

Sasa, kabla ya mavuno nilichukuliwa kupiga picha za arusi hapahapa Somanda, kanisani kwetu. Ilikuwa arusi kubwa. Masunga alikuwa amekaa benchi la tatu na Kabula mapajani. Ulipofika wakati wa pete nikasogea mbele, kama ulivyonifundisha, kwa hatua ndogo, nimeinama ili nisiwazibe watu. Mzee Luhende, ndiye mzee wa kanisa anayesimamia utaratibu, akanishika bega. Akasema, wala hakunong'ona, "Mama, rudi ukakae na wenzako. Mwanamke hasimami huku akawapa watu mgongo." Kanisa zima likasikia. Mpiga picha wa kiume aliyekuwapo arusi iliyotangulia alisimama hapohapo na hakuna aliyemgusa.

Nilirudi nyuma. Nilipiga kutoka nilipowekwa, nikapata visogo vya watu na kofia za akina mama wa kwaya. Bibi arusi alipokuja kuchukua picha alizipitia zote mara mbili, halafu akaniuliza kwa upole, "Ya pete iko wapi?" Sikuwa nayo. Hakunigombeza, alifunga bahasha akaenda, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Masunga. Siku ile ya arusi, tulipofika nyumbani nilimwambia, "Ulikuwepo." Akajibu, "Nilikuwepo." Basi, yakaishia hapo. Unamjua mkweo. Anaweza kuendesha kutoka hapa mpaka Mwanza na kurudi akiwa amesema maneno ambayo ukiyaweka kwenye kiganja nafasi itabaki. Sikuwaandikia habari hizo kwa sababu sikutaka mlale mkiniwaza.

Miezi ikapita. Halafu mfuniko wa mbele wa lenzi yangu ukapotea. Niliutafuta chini ya kitanda, kwenye ndoo ya michembe ya viazi, mpaka mifukoni mwa magauni ya Kabula, nikamsingizia mtoto bure. Masunga alikuwa safarini. Aliporudi ilikuwa mchana, mama mkwe na mimi tuko uani tunaanika nguo. Akaingia na boksi limefungwa kwa kamba ya katani, akaliweka juu ya kiti, akasema, "Mama Kabula, fungua."

Ndani kulikuwa na pamba. Pamba nyeupe iliyokwisha kuchambuliwa, imeshindiliwa vizuri kama ya kulalia mtoto mchanga. Nikaifukua, na katikati yake nikakuta lenzi, Baba. Lenzi ndefu ya kuvuta, nyeusi, kioo chake safi hakina hata mkwaruzo. Ulikuwa ukinionyesha za namna hiyo kwenye magazeti ya zamani, ukisema kama Mungu angekujalia moja tu usingeomba tena.

"Ni ya kuvuta," Masunga akasema. "Muuza vitu vya mitumba aliifunga kwenye kamera yake akanipa nitazame. Nilisimama upande huu wa barabara nikaona meno ya mtu aliyekuwa ng'ambo anacheka." Kisha akatazama chini. "Sasa utakaa hukohuko nyuma wanakotaka ukae. Na pete utaipata."

Muda wote ule nilidhani ameyasahau ya siku ile, kumbe alikuwa anatembea nayo barabarani.

Kisha nikaigeuza lenzi nitazame nyuma yake. Wewe ungejua papo hapo. Ile kamera uliyonipa lenzi yake inaingia kwa kuzungushwa kidogo tu inalia kliki. Hii ina hesi, inazungushwa mara nyingi kama mfuniko wa chupa. Haziingiliani hata kwa dawa.

Nikaanza kuifuta na pindo la kanga, nikiipangusa mahali pasipo na vumbi. Kwa kweli niliwaza kuiweka kabatini, niseme asante na kunyamaza. Lakini mama mkwe alikuwa ameshasogeza kigoda. "Fungia basi tuone," akasema.

"Baba Kabula," nikamwambia, "hii haiingii kwenye yangu."

"Haiingii vipi? Nilipima." Akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa mfuniko wangu uliopotea. Akauweka mbele ya lenzi mpya. "Ona. Sawasawa."

Ilikuwa sawasawa kweli. Nikaona jinsi alivyouiba mfuniko ule kimya kimya, akasafiri nao, akasimama kwa yule muuzaji akijaribisha lenzi moja baada ya nyingine.

"Huku mbele ni sawasawa," nikasema. "Ila inafungwa huku nyuma."

Akaichukua, akaichukua na kamera, akajaribu mwenyewe taratibu na vidole vyake vile vya kufungua nati za magurudumu. Kulia, kushoto. Akaniuliza kama fundi wa kuchonga vyuma anaweza kuisaidia. Nikamwambia ataziharibu zote mbili. Mama mkwe alitaka kujua kuna nini, akaelezwa kwa Kisukuma. Akaipokea lenzi, akaipima uzito, akasema, "Hata hivyo ni kizuri. Kinang'aa." Kisha akamgeukia mwanawe, "Wabeja, ng'wanone," yaani asante mwanangu, kana kwamba zawadi ilikuwa yake.

Na mimi nikashukuru. Nilishukuru kwa moyo wote, Baba, lakini niliona kwamba anasikia kama ninambembeleza. Aliondoka akaenda kuosha lori ambalo halikuwa na uchafu. Safari iliyofuata alikwenda nayo Mwanza ili abadilishiwe, akakuta pale palipokuwa na vyombo vya picha pamepangwa viatu. Yule mtu alikuwa amehamia mji mwingine. Lenzi ikarudi kwenye pamba yake.

Ikaja arusi ya Dutwa. Anaolewa binti wa baba mkubwa wa Masunga, na kazi ya picha nilipewa mimi kwa kuwa ni wa nyumbani. Kanisa la Dutwa ni tawi la hapa kwetu, kwa hiyo msimamizi wa utaratibu alikuwa huyohuyo Mzee Luhende. Nilikuwa nimeshakata shauri. Ningepiga nyingi nje, chini ya jua zuri, na ndani ningepata nitakachojaliwa.

Tulifika mapema. Mzee Luhende alikuwa mlangoni anapanga watoto wa maua. Masunga akanikabidhi Kabula, akaenda moja kwa moja kwake. Nilikuwa karibu, nilisikia yote tangu salamu yao ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Mzee, leo mke wangu atasimama mbele wakati wa pete."

"Utaratibu unaujua, Masunga."

"Naujua. Siku ile Somanda niliuona, nikakaa kimya." Nilidhani maneno yamemwishia, akaendelea. "Nilikwenda Mwanza nikanunua kitu cha kumwezesha kupiga picha akiwa mbali. Nilikinunua ili nisije nikasema na wewe. Kile kitu hakiingii kwenye kamera yake. Kwa hiyo nimekuja kusema."

Mzee Luhende akamtazama. "Wewe unataka kunifundisha kanisa?"

"Hapana, mzee. Mwanamume akija na kamera anasimama mbele. Bibi arusi mwenyewe ni mwanamke, anasimama mbele. Nataka kujua kosa la huyu wangu ni lipi, ili nikirudi nyumbani nimweleze. Mimi siku ile sikuwa na la kumweleza."

Watu walikuwa wameanza kugeuka. Baba yake mkubwa akaja mbiombio, amekasirika, akamvuta mkono akimwambia asilete maneno kwenye mlango wa arusi ya mtoto wake. Masunga hakumjibu vibaya. Alisema tu, "Baba, nimemaliza, nasubiri jibu." Hakuondoka. Nilimshika Kabula kwa nguvu mpaka akalalamika.

Mzee Luhende akawasogeza wale watoto wa maua kwenye mstari. Hatimaye akasema, akimwambia Masunga wala si mimi, "Asimame upande wa kinanda. Asikanyage ngazi ya madhabahu. Na ajifunike kichwa vizuri."

"Wabeja, mzee," Masunga akasema, akarudi kwangu, akamchukua mtoto. Jasho lilikuwa limelowesha kola yote. Aliniambia, "Upande wa kinanda," kana kwamba sikusikia.

Nikasimama upande wa kinanda. Mwanga ulikuwa unaingia kutoka dirisha la kulia, vilevile unavyoupenda. Mzee Luhende hakuniondolea macho tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu bwana arusi akaishika pete, bibi arusi akatoa kidole, na mama yake akafumba macho nyuma yao. Nikapiga.

Sitakudanganya kwamba yote yalikuwa shwari. Kwenye chakula baba mkubwa alipita kusalimia kila meza akairuka yetu. Shangazi mmoja aliniambia kwamba nimemgeuza mtoto wao kuwa msemaji. Mama mkwe ndiye aliyemjibu, kwa Kisukuma cha haraka ambacho sikukifuata chote, na yule shangazi akahamia kivuli kingine. Masunga alikula ugali wake taratibu. Mpaka leo baba mkubwa hajaja nyumbani. Tumemtumia picha zake na salamu, tunangoja.

Picha zilirudi kutoka Mwanza wiki iliyopita. Nimekuwekea hiyo moja humu ndani. Tazama kidole cha bibi arusi, na utazame mama mtu. Ukiona nimekosea mahali uniambie, usinihurumie.

Masunga alikuwa amesema lenzi nikutumie wewe, kwa kuwa kamera yako ya zamani ni ya hesi. Nimekataa, Baba, nisamehe. Kama unaihitaji kweli niambie nitakuletea kwa mikono yangu, lakini naomba usiihitaji. Sitaipigia picha hata moja na bado sitaki itoke nyumbani humu.

Sasa swali lako limepata jibu. Siachwi tu nishike kamera, nasemewa pia. Siku picha zilipofika tulizitandaza kitandani, Masunga akaiangalia ile ya pete kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Asante, Baba Kabula."

Akauliza, "Ya lenzi, au ya Dutwa?"

Nikasema, "Ya yote mawili."

Akafikiri, kisha akasema, "Lenzi ilikuwa rahisi."

Mama mkwe anawasalimu sana na anauliza lini mtakuja kula kuku wake. Nisalimie kaka Elia na mkewe, waambie nimepata habari za mapacha na nimefurahi nao. Msalimie shangazi wa Muheza, na mama jirani anayetuuzia vitumbua, na wanakwaya wote wanaonikumbuka. Mama nambusu mikono. Kabula ameshika kalamu hapa, huo mstari uliopinda pembeni ni salamu zake kwa babu.

Mungu awalinde, na mguu wako uendelee kupata nguvu.

Ni mimi mwanao, fundi wako wa picha,
Rhoda, Mama Kabula