Deraya Isiyo na Zipu

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa inadondoka mojamoja juu ya mabati. Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Shajara yangu, nisamehe. Mara ya mwisho nilipoandika hapa, mwanangu Zuhra alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Sasa anasimama kwa kushika mguu wa cherehani. Nimechelewa kiasi hicho. Kila nikisema leo naandika, ama kuna sare za harusi za kumalizia, ama jino linatoka, ama mimi mwenyewe nimesinzia sindano ikiwa mkononi. Na nyinyi wachache mnaopita hapa mtandaoni kusoma, hasa dada yangu Rehema kule Tanga anayenitumia ujumbe kila wiki kuuliza kama nimekufa, samahani. Sijafa. Nashona.

Leo lazima niandike. Leo nimeshinda jambo na nimeshindwa jambo, ndani ya saa moja, na yote mawili yamenifurahisha.

Kwa wasiojua: shemeji yangu Idrisa, mdogo wake Baba Zuhra, ana mchezo. Siyo wa kompyuta, ni wa mezani. Yeye anasimulia: mko msituni, mbele kuna pango, ndani kuna zimwi. Sisi wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema atafanya nini, kisha tunarusha dadu kuona kama amefaulu. Alijifunza kwenye vitabu vya nje, akachoka na ngome za theluji ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona, akaandika mchezo wake mwenyewe wenye majini, misafara na mji uliojengwa kwa chumvi. Tunacheza kila Jumapili mchana kwenye fremu yangu ya kushonea hapa Kariakoo. Si kwamba ni pazuri. Meza yangu ya kukatia ni ndefu, na ramani naichora juu yake kwa chaki ya fundi, tukimaliza nafuta.

Tuko wanne. Idrisa msimulizi. Neema, anayeuza vipodozi fremu ya tatu kutoka kwangu, mhusika wake ni mwizi wa majumba ya wafalme. Bhavesh, ambaye baba yake ana duka la steshenari na mashine za kuchapia upande wa Msimbazi, anacheza mganga mwoga. Na mimi ni mpiga upinde, tena ndiye ninayechora picha zote za kitabu.

Kuchora sikusomea. Niliishia kidato cha nne. Nilianza kwa kuwapaka maharusi piko, halafu nikawa nawachorea wateja mishono kabla ya kukata. Picha za mchezo nimezichora kwa penseli ile ile ninayoandikia vipimo, Zuhra akinyonya.

Sasa kitabu kimekwisha, kimebaki jalada. Kwenye jalada anakaa Malkia wa Chumvi, mwanamke shujaa ambaye hadithi yote inamzunguka. Tulikubaliana leo ndiyo tuchague picha yake, Bhavesh ampelekee baba yake. Mimi nilishachora yangu, ipo kwenye droo, nimeisubiri siku hii kama mtoto anavyosubiri nguo ya sikukuu. Hakuna kitu chochote duniani kilichoandikwa jina langu kwa nje.

Idrisa akaja na picha yake.

"Shemeji, usikasirike," akaanza, nikajua kuna jambo. "Zako ndani ni nzuri. Ila jalada ndilo linalovuta mtu."

Akaitandaza mezani. Ameiagiza kwenye programu ya simu inayochora yenyewe, akaichapisha kwa rangi. Mwanamke kasimama juu ya jiwe, upanga mrefu kama yeye, nywele zinapepea. Deraya yake, yaani vazi la chuma la vitani, ni vipande viwili kifuani, kipande kimoja chini, na buti mpaka mapajani. Tumbo lote nje, limenyooka kama meza.

Niseme ukweli, humu ndimo ninamosemea ukweli. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa hasira. Kilikuwa wivu. Tangu nijifungue, nikipita mbele ya kioo cha wateja nageuza macho.

Kisha jicho la fundi likaamka. Kila siku ya Mungu mteja ananinyooshea simu ananiambia nishonee kama hii, na swali la kwanza la fundi ni moja tu: inafungukia wapi? Nikaigeuza ile picha huku na huku. Hakuna kifungo. Hakuna zipu, hakuna kamba, hakuna hata kishikizo.

"Shemeji," nikasema, "huyu kaingiaje humu?"

Bhavesh akaanza kutikisika. "Labda walimmwagia ikiwa bado ya moto."

"Ni uchawi," Idrisa akasema. "Hii ni dunia ya majini, jamani."

"Mbona mlinzi wako wa ukurasa wa nne hajavishwa na majini? Yule umeniambia nimchoree chuma mpaka kwenye vidole."

"Yule anasimama langoni. Anapigwa."

"Na huyu yuko njiani anavuka kivuko cha Magogoni kwenda kuogelea?"

Neema akapiga meza, dadu zikaruka. Lakini Idrisa hakucheka, na hapo nikamsikiliza, maana si mtu mbaya. Akasema picha za namna ile ndizo alizozipenda tangu mdogo, kabla hata hajajua kusoma maneno yaliyoandikwa chini yake. Ndizo zilizomfanya atake kusimulia. Vitabu vyote vya aina hii viko hivyo, na mtu akipekua simu akamwona mwanamke kajifunika atapita tu. "Nimeandika miaka miwili, shemeji. Sitaki kipitwe."

Nilimwonea huruma. Ila huruma ni huruma, na mshono ni mshono.

Nikamwambia, "Basi naishona. Ukiivaa ukafanya kazi ya shujaa dakika tano, jalada lako. Isipowezekana, langu."

Akakubali haraka mno. Nikatoa mabaki ya ngozi ya bandia aliyoniachia fundi makochi wa jirani, nikampima kifua na kiuno, nikakata vipande kama vilivyo pichani, wala sikuongeza hata inchi. Kwa kuwa pichani hakuna zipu, hapo tu nilimhurumia: nilimshonea vazi likiwa mwilini, mgongoni, juu ya fulana na suruali yake. Neema akampa rula yangu ya mbao iwe upanga. Bhavesh akamtwika jora la kitambaa begani, ndiyo majeruhi wa vita.

Akainua mkono wa kwanza. Vipande vya kifuani vikapanda mpaka kidevuni.

Akavishusha, akainama kuliweka jora chini. Kipande cha chini kikapasuka kwa sauti iliyomwamsha Zuhra, aliyekuwa amelala kwenye kapu la vitambaa, akaangaza macho.

Na wakati huo huo mlangoni akatokea mama mmoja mteja wangu, mtu mzima, mwavuli unadondoka maji. Amefuata gauni lake. Idrisa, rula mkononi, ngozi ya kochi shingoni, akasimama wima kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

Mama akamtazama kwa muda. "Marahaba, mwanangu." Akanigeukia mimi. "Gauni langu liko tayari?"

Nikampa. Akalikagua mshono kwa mshono, akaridhika, akafungua mwavuli. Kabla hajatoka akamwangalia Idrisa tena, akaniambia taratibu, "Hicho usije ukanishonea."

Bhavesh alikaa chini sakafuni. Hata Idrisa alicheka mpaka akafuta machozi na ile ngozi.

Kwa hiyo nimeshinda. Nikavuta droo, nikatoa Malkia wangu, nikamweka mezani polepole ili waone vizuri. Chuma kutoka shingoni mpaka vifundoni. Kofia ya chuma. Uso umekunjamana kwa hasira. Nikasubiri sifa zangu.

Neema akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mama Zuhra, huyu simtaki."

"Kwa nini?"

"Umemfanya tangi la maji."

"Mimi napenda kupendeza," akaendelea, wala hakuwa anatania. "Mwizi wangu anapaka wanja kabla hajaruka ukuta. Wanaume wa Idrisa wanapewa vifua na ndevu nzuri, hakuna anayeuliza. Sisi ama tuvuliwe, ama tufunikwe kama kochi la wageni. Na mbona amekasirika? Wewe ukikata kitambaa kigumu ukakipata, unatabasamu peke yako, nakuonaga. Huyu umemficha nini humo ndani?"

Nilitaka kujibu kwamba chuma kinazuia mshale. Ni kweli kinazuia. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshakwenda wenyewe kwenye tumbo langu, juu ya kanga, na nikajua kwamba nilipokuwa nachora sikuwa nafikiria mishale.

Nilikuwa namficha tumbo. Langu.

Sikulia, msidhani. Nilicheka, tena nikaona nafuu fulani, kama kufungua gauni la kubana baada ya harusi. Nikafuta ramani nzima ya falme kwa kiganja, nikachukua chaki, nikaanza kumchora upya juu ya meza, mkubwa, wote wakiwa wamenizunguka.

Nilimvika deraya ya ngozi, nyepesi, inafungwa kwa kamba ubavuni ili kila mtu aone anaingilia wapi. Juu yake kanga, kajifunga kibwebwe, kama wanawake wa kwetu wanavyojifunga wanapokuwa na shughuli nzito. Mikono wazi mpaka mabegani apate kuzungusha upanga, na piko mpaka kwenye viwiko. Neema akadai hereni ndefu, Bhavesh akasema adui atazivuta, wakabishana mpaka wakakubaliana kipini cha pua. Na tumbo lipo, chini ya kibwebwe, duara, limetulia. Usoni anacheka, kama mtu aliyekwisha kuona pa kupiga.

Idrisa aliuinamia mchoro, bado kavaa kipande cha juu, amesahau. Nikaogopa kidogo.

"Huyu naweza kumsimulia," akasema mwishowe. Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini upepo niachieni, shemeji."

Nikampa upepo. Pindo la kanga linapepea mpaka pembeni mwa meza.

Tumeweka na sheria ya kitabu kizima: kila mhusika anaulizwa anataka kuvaa nini, na mimi sichori nisichoweza kukishona. Mwizi wa Neema ataonyesha bega moja kwa sababu mwenyewe anataka. Mganga wa Bhavesh ameomba mifuko mingi ya kufichia mikono inapotetemeka. Jingine nililisema mara moja tu nikiwa nimemkazia macho: ukurasa wa mbele Idrisa alikuwa ameandika "Picha: Shemeji." Yataandikwa majina yangu, yote matatu. Amefuta hapo hapo.

Bhavesh alipiga picha meza kabla sijafuta. Alichelewa kidogo, Zuhra alishamtangulia, kasimama mapajani mwangu na kufuta miguu ya Malkia kwa viganja. Kwa hiyo jalada halina viatu, na baba yake Bhavesh ametupatia mashine wiki ijayo badala ya hii ili nimalize. Wiki nzima. Nimechoka, na sioni hata usingizi.

Dada Rehema, najua umefika mpaka hapa. Bado nahitaji unitumie vitu hivi. Daftari langu la shule lenye jalada jekundu, liko chini ya kitanda cha mbao, nyuma yake kuna michoro ya piko. Picha ya pindo la ile kanga ya zambarau ya Mama, uipige karibu, nione mistari. Picha ya viatu vyake vya kwendea shamba, juu na ubavuni. Na vipimo vyake, maana Malkia ana mama yake aliyekalia kiti cha enzi kabla yake, yuko ukurasa wa mwisho na hajachorwa bado. Vyangu nimeshajipima leo, mbele ya kioo cha wateja. Vya Mama nataka mabega, kifua, kiuno, nyonga, na mkono mpaka kiwiko. Mpime amesimama kawaida. Akivuta tumbo ndani, msubiri apumue, ndipo uandike.