Fimbo Yako Nimeiona

Mume wangu Fergus,

Supu ya shayiri iko jikoni, ipashe moto tu. Mbwa usimtoe na goti hilo, Eilidh binti yako atakuja kumtembeza. Nitarudi ~~Jumamosi~~ Jumapili.

Jana nilikataa katakata kwenda Dornoch kucheza gofu na rafiki zako, nikuache peke yako na magongo. Ukaniambia, "Nenda badala yangu, bibi wee, bila mtu wa nne safari inavunjika!" Asubuhi nimekuta fimbo yako ya kusukumia mpira shimoni ndani ya mkoba wangu, umeifunga kwa soksi. Miaka yote hata kuigusa ulinikataza! Nimelia, kisha nimecheka, maana soksi inanuka.

~~Naiacha, nisije nikaivunja.~~ Naenda nayo. Asante, mpenzi. Nikishinda, nimeshinda mimi. Nikishindwa, ni fimbo yako.

Mkeo,
Morag