Chembe za Damu na Chembe cha Moyo

Mkunazini,
Unguja.
6 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Badria,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nshaipokea kabla hujaitamka, marahaba. Hujambo mwanangu? Mumeo Kheir hajambo? Watoto je, joto la Maskat halijaanza kuwakaanga? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Masika yametuloweka, paa linavuja palepale pa siku zote, na kofia ya Kheir ninayoishona haiendi. Kiua kimoja nimekifumua mara tatu.

Najua unajiuliza kwa nini dada yako anaandika barua zama hizi badala ya kukutumia sauti. Kwenye simu nnalia, na weye ukinsikia nnalia unageuza mazungumzo. Karatasi huwezi kuikata maneno. Basi nalitanguliza neno lenyewe usije ukasema nimekuzungusha: nataka uende hospitali ukapimwe tumbo, wiki hiyohiyo uipatayo barua hii.

Unakumbuka Februari nlikwambia wamekuja watafiti wanaotafuta watu ambao mama zao walikufa kwa saratani ya kongosho. Nikaenda, wakanitoa damu vichupa viwili, nikasahau. Mwezi uliopita akanipigia muuguzi wao, anaitwa Rumana, akanambia: "Bi Mashavu, katika damu yako kuna chembe zimetutia shaka, tunaomba urudi." Wallahi Badria, mie nlichosikia ni chembe cha moyo! Nikajua basi, yaleyale ya mama.

Siku tatu sikula. Kazi yangu ilikuwa kujibonyeza hicho chembe, hapa chini ya kifua, pale alipokuwa akishika mama, na kila nikibonyeza panazidi kuuma. Ukijibonyeza kutwa hata goti litauma, lakini nani wa kunambia? Bi Saadiya jirani akaja kunikanda kwa mafuta ya habasoda. Nlishaanza kupanga kanga zangu zipewe nani.

Siku ya nne nikenda, nimejifunga kanga tumboni, nikamwambia Rumana kuwa chembe kimezidi. Akanitazama, akauliza chembe kipi. Tulipofahamiana alicheka mpaka akakaa chini, na mie nikacheka kwa hasira. Kumbe chembe zao si hiki cha moyo! Anasema kila seli ya mwili inamwaga vijifuko ndani ya damu, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni, na kila kijifuko kina alama ya kilikotoka. Seli nzima zinamwaga, zilizoharibika nazo zinamwaga. Mtu akipita na gunia lililotoboka, hata kama hukumwona, punje za njiani zinakwambia kabeba mchele au choroko. Ndivyo wanavyotaraji kuujua ugonjwa mapema, kabla uvimbe haujashikika kwa mkono. Ila alinisisitizia kuwa bado ni utafiti na wanaweza kukosea, kwa hivyo hawamhukumu mtu kwa damu peke yake.

Nikapanda boti kwenda Dar kupigwa picha. Majibu yametoka jana. Kongosho langu safi, ntakuwa naangaliwa kila miezi sita. Sema alhamdulillahi. Mie nimeisema, lakini furaha sikuiona, na sababu yake ni weye.

Daktari alipokuwa akijaza fomu yake aliniuliza kama nna ndugu wa tumbo moja. Nikasema nnaye mmoja, yuko Maskat. Akauliza, je, ana maumivu ya chembe cha moyo, hiki chetu sasa, yanayopenya hadi mgongoni? Amekonda? Sukari imempanda ghafla? Badria, Ramadhani ulinambia ukishafuturu tumbo linakukaba mpaka mgongoni, hulali ila kifudifudi. Ukanambia gauni la Idi linakupwaya, na ukafurahi nalo. Ukanambia umeanzishiwa vidonge vya sukari, weye ambaye chai yako wageni huikimbia kwa kukosa sukari. Yote nliyasikia. Nikakwambia gesi hiyo, kunywa tangawizi.

Ndiyo maneno nliyomwambia mama. Yaleyale, kwa sauti ileile ya kujifanya najua. Miezi minne mama alikunywa tangawizi yangu akinisifu kuwa inampoza, na tulipompeleka hospitali daktari hakuwa na la kufanya. Hili sijapata kumwambia mtu, na weye usimwambie mtu zaidi ya Kheir.

Daktari amesema maumivu hayo yana sababu nyingi, na nyingi hazina khatari. Inshaallah viwe vidonda vya tumbo tu, nikucheke mwaka mzima. Lakini usiniletee mambo yako ya "ntakwenda skuli zikifungwa". Unajua wasemavyo kuhusu mficha maradhi. Usemi wenyewe sithubutu kuumaliza. Wala usiende kudai kipimo cha chembe, hicho bado kiko kwa watafiti. Mwambie daktari mama yetu alikufa kwa nini, mweleze na hayo ulonambia Ramadhani, kisha uombe picha ya tumbo. Ukiona aibu kusema, mpe Kheir barua hii aseme yeye.

Msalimie sana huyo Kheir, na umwambie akupeleke mwenyewe, asikutie kwenye teksi akarudi kazini. Nibusie mwanao Yusra. Zeyana, binti wa Bi Saadiya, anakusalimu, na mamake anakuombea dua kila sala ingawa sijamwambia sababu. Mola akupe afya ya kuja kunigombeza hapa barazani kwa kukutia khofu bure. Nakuomba unigombeze, Badria.

Barua hii anakuja nayo Amour, mume wa Zeyana, anasafiri Ijumaa. Amechukua na furushi lako. Iliki imo, papa mkavu yumo, halua imo makopo mawili. Ile tangawizi uloagiza sikutia.

Dada yako, asiye na mwengine ila weye,
Mashavu