Hesabu ya Pili ya Baba

Gisenyi, Septemba 1999

Mdogo wangu Manzi,

Asalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba wakala wenu wa Mombasa ataifikisha melini bila kuchelewa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Barabara ya Ruhengeri imetulia, watu wanasafiri bila hofu ya mwaka jana, na cherehani yangu bado inanilisha.

Nina habari ambayo sikutaka uisikie kwa mtu mwingine. Wakati wa masika Baba alipatwa na kiharusi. Yuko hai, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia umelala na maneno yamempotea. Akitaka maji husema "kamba". Akiona hatujamwelewa hugeuza uso ukutani.

Haikuchukua muda watu wakaanza kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Ba mdogo Harerimana alishauri apelekwe Kanzenze kwa shangazi, akae shambani, na nyumba tuipangishe. Hakuwa na nia mbaya. Alisema mgonjwa wa namna ile hajui tena yuko wapi, basi mahali popote ni sawa kwake. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Siku moja nilifungua sanduku lake la ubaharia ili nitoe vumbi. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua ile rula ya hesabu, ya mti, yenye ulimi unaoteleza katikati. Akaibana mezani kwa mkono uliolala, akausogeza ulimi taratibu, akasoma, akausogeza tena. Nikaona macho yake yanafanya kazi. Nikatoa na sekstanti, kile chombo chake cha kupimia urefu wa jua angani.

Unajua ziwa letu limezungukwa na milima, upeo wa macho wa kupimia jua hakuna. Nikafanya alivyotufundisha tukiwa watoto Dar es Salaam: nikatia mafuta kwenye bakuli na kuliangalia jua ndani yake. Mafuta ya mawese alinipa jirani yetu Mukandutiye, yule anayevuka mpaka kila siku kwenda Goma. Niliyapasha moto kwanza, maana asubuhi ya huku huyagandisha. Mukandutiye alisimama mlangoni akauliza, "Kaltumu, muzee iko anapika jua?" Nikamwambia ndiyo, na leo halijaiva.

Kwa kioo cha sekstanti nililishusha jua la juu mpaka likagusana na lile la kwenye mafuta, redio ikapiga milio ya saa, nikasoma pembe na kuigawa nusu, maana kwa mafuta huja maradufu. Almanaka tuliyonayo, kile kitabu cha mahali pa jua kwa kila siku, ni ya mwaka tisini na tano, ila Baba alikuwa akisema jua kila baada ya miaka minne hurudi karibu palepale. Nikampa tarakimu, nikamwachia. Kazi yake ni kuchagua mahali kwenye ramani, na kutafuta kwa rula jua lingepaswa kuwa juu kiasi gani kwa mtu aliyesimama hapo. Jibu lake likikaribiana na kipimo changu, basi tupo hapo. Lilikaribiana. Kosa lote halikuzidi umbali wa kutoka nyumbani kwetu hadi Nyamyumba hapo jirani. Nililia, naye akanitazama kama ofisa anavyomtazama mwanafunzi mzembe.

Ba mdogo alipokuja nilimwonyesha. Lakini Baba, akishamaliza hesabu ya kwanza, kila mara hufanya ya pili, na hiyo ya pili jibu lake hupishana na kipimo changu kwa digrii kama kumi. Ba mdogo alipoiona akatikisa kichwa. Akasema kwa upole kwamba mzee anapatia kwa bahati, kisha anapotea, na kwamba angeleta gari tumpeleke Kanzenze.

Nikaichunguza ile karatasi. Mahali pa longitudo ya Gisenyi, ishirini na tisa, Baba alikuwa ameandika thelathini na tisa. Nikadhani amekosea tarakimu moja tu, nikachukua kalamu nimsahihishie. Akaniwekea kiganja juu ya kalamu, akakataa. Latitudo nayo aliiandika nne kusini, wakati yetu haifiki hata mbili. Nikaazima atlasi ya shule, nikafuata mistari kwa kidole. Ilikuwa Mombasa.

Manzi, najua mliachanaje. Najua alisema jina lako lisitajwe humu ndani, na kwamba hakurudi Rwanda ili mtoto wake aende kuliwa na bahari iliyomla yeye. Lakini ile barua uliyotuandikia kutoka Mombasa nilimsomea shangazi sebuleni, alipokuja kumjulia hali Baba, tukidhani amelala. Hakuwa amelala. Tangu siku hiyo, akishajua sisi tuko wapi, anatafuta jua lako wewe liko juu kiasi gani kwa saa ileile.

Nilimweleza Ba mdogo. Akavuta kiti akaketi uso kwa uso na Baba. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa, alimwuliza mwenyewe: "Kaka, unataka kukaa hapa?" Baba akaitikia kwa kichwa. Habari za Kanzenze ziliishia hapo.

Sasa nakuomba. Ile barua yako ni ya zamani, na meli haikai. Huenda Baba anakutafutia jua la bandari uliyokwisha kuiacha. Tuandikie uko wapi, latitudo na longitudo, kwa tarakimu kubwa, maana miwani yake imechoka. Mengine ukishindwa kuyaandika, hizo tu zitatosha.

Ba mdogo na shangazi wanakusalimu, na Mukandutiye anauliza kama huko kuna samaki watamu kuliko sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Mungu akulinde kazini.

Ni mimi dada yako,
Kaltumu

Nilimwuliza Baba nikuandikie nini kwa upande wake. Ameshika kalamu mwenyewe, kwa kushoto, akaandika urefu wa jua lako la Mombasa asubuhi ya leo:

40° 15′