Surua Haikunikuta Dunguni

Marahaba, mke wangu Neema. Hapa Mlabani tu wazima, bibi yako ndiye anayeniandikia.

Umeuliza kama niliwahi kuugua surua. Mimi niliyemtimua kiboko kwa kasia? Haikunipata! Ilipoingia kwetu Masagati, nilikuwa kwenye dungu la shambani, nafukuza ndege wasile mpunga. Niliporudi, mama alinizuia mlangoni: "Rudi dunguni, baba!" Dada yangu Tekla sikumwona tena.

Sasa surua imerudi mtaani, nawe unakuja na kichanga ambaye hajafikia umri wa chanjo. Usingizi sipati. Daktari kasema hata mzee ambaye hakuugua anaweza kuchanjwa, basi leo nimechanjwa, ila kanambia nisubiri kwanza chanjo ifanye kazi mwilini. Bibi yako alicheka: "Kiboko hukumwogopa, sindano unatetemeka!" Nilikuwa namtetemekea mtoto.

Ukifika kabla daktari hajaniruhusu kumbeba, nitamwangalia kutoka mlangoni, kama mama alivyoniangalia.

Babu yako, mume wako wa kwanza